Mawe, mitungi na bidoni: nguvu ya mpiganaji ilijengwa na nini?

Kambini neno "mazoezi" lina maana mbili, na kila mtu anasikia ile anayoiogopa. Mama akiambiwa kijana wake anaamka saa kumi na moja kwenda mazoezi, labda atawaza karate, labda atawaza kitu kingine ambacho hatukitaji kwa sauti. Mfanyakazi wa shirika naye akiona vijana ishirini wanapiga pompe kwa hesabu moja, anauliza: hawa wanajiandaa kwa nini?

Swali hilo lina historia yake. Kati ya 1994 na 1996, ng'ambo ya mpaka, siyo mbali na hapa Gisenyi, kambi kama Mugunga na Kibumba zilijaa watu waliovuka kutoka Rwanda. Ndani yake raia walichanganyika na askari wa jeshi lililoshindwa na wanamgambo Interahamwe waliofanya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Wenye silaha ndio walioongoza kambi, wakajipanga upya kwa vita, na raia wakabaki katikati. Tangu hapo mashirika yanashika sana kanuni kwamba kambi ni mahali pa raia. Kanuni hiyo ni nzuri. Inatulinda sisi wenyewe.

Lakini mimi ninafanya kazi na vijana, na mara nyingi nimeambiwa kwamba mpira ni sawa, ila michezo ya kupigana tungoje kwanza. Tunangoja. Wakati tunangoja, vijana hawangoji: wanafanya peke yao nyuma ya nyumba, bila mwalimu, na tumbo tupu. Kwa hiyo nimeandika historia hii fupi juu ya hao vijana, na juu ya wale wanaowaangalia kwa wasiwasi. Nataka kuonyesha kwamba mwili wa mpiganaji, popote ulipojengwa vizuri, ulijengwa kwa vitu vya kawaida na kwa kipimo. Kipimo kikikosekana, ndipo watu wanaumia.

Okinawa: jiwe na mtungi

Okinawa ni kisiwa kusini mwa Japani. Karate ilianzia huko, kwenye visiwa ambavyo zamani vilikuwa ufalme wa Ryukyu. Wazee wale hawakuwa na jimu. Walichukua jiwe zito, wakalipachika mpini wa mti, wakawa wanalizungusha kwa mkono mmoja ili kukaza bega na kifundo. Hilo linaitwa chi ishi. Walichukua mitungi ya udongo, wakaishika mdomoni kwa vidole tu na kutembea nayo polepole. Hiyo ni nigiri game. Walisimamisha ubao ardhini, wakaufunga kamba ya majani ya mpunga, wakaupiga ngumi kila siku. Huo ni makiwara.

Mazoezi haya yote kwa pamoja wanayaita hojo undo, maana yake mazoezi ya kusaidia. Jina lenyewe linafundisha. Kubeba jiwe hakukuwa mchezo wenyewe, kulikuwa msaada wa mchezo. Mwalimu mmoja aliyeyapa nafasi kubwa ni Miyagi Chojun, aliyezaliwa 1888 na kufariki 1953, mwanzilishi wa karate ya Goju-ryu. Mwaka 1934 alikwenda Hawaii kufundisha, akaona wanamieleka wa huko wakifanya mazoezi na pete kubwa ndefu ya chuma. Akaipenda, akaiingiza katika mazoezi yake. Hata bingwa wa Okinawa aliokota kitu cha wengine pale alipokikuta.

Tuangalie tena ule mtungi. Mwanafunzi anaanza na mtungi mtupu. Akizoea, anatiwa mchanga kidogo. Akizoea tena, anaongezewa. Hakuna anayeanza na mtungi uliojaa. Sababu iko ndani ya mwili: misuli inapata nguvu haraka, lakini kano, zile kamba zinazoshika misuli kwenye mfupa, zinachelewa sana. Kijana anayekimbilia uzito mkubwa anajisikia simba mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu bega linamshika, hawezi hata kuvua shati.

Sisi mtungi wetu ni bidoni. Kila mtoto hapa anaujua uzito wake tangu ana miaka sita. Lita 5 za maji ni kilo 5, lita 20 ni kilo 20, hakuna haja ya mizani. Na mawe tunayo. Nyiragongo ililipuka Januari 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, ikamwaga mawe meusi upande wa Goma, na watu wakakimbilia huku Rubavu. Jiwe la volkano lina matundu mengi, kwa hiyo ni jepesi kuliko linavyoonekana, tena linakata mikono. Lifunge kitambaa kabla ya kulinyanyua.

Brazili: mwili peke yake

Kuna watu waliokuwa na vitu vichache zaidi ya wazee wa Okinawa. Watumwa waliopelekwa Brazili, wengi wao kutoka pande za Angola na Kongo, walibaki na mwili tu. Kutoka kwao ilikuja kapoera, mchezo wa kupigana unaochezwa kwa ngoma na wimbo. Hauhitaji chuma. Mchezaji anayumba muda wote bila kusimama, anashuka chini, anasimama kwa mikono, anainuka. Ukicheza dakika kumi tu mapaja yanawaka moto. Mchezo wenyewe ndio unaojenga mwili.

Serikali ya Brazili iliuogopa. Mwaka 1890, miaka miwili baada ya utumwa kukomeshwa kule, sheria ya makosa ya jinai ilikataza kapoera na wachezaji wakawa wanafungwa. Aliyeutoa mchezo gizani ni Mestre Bimba, wa mji wa Salvador. Alifungua shule mwaka 1932, akaweka kanuni na utaratibu wa kufundisha, na mwaka 1937 shule yake ikapata kibali cha serikali. Leo kapoera imo katika orodha ya urithi wa UNESCO, tangu 2014.

Mwaka huohuo wa 2014 kapoera ilirudi kwetu. UNICEF na ubalozi wa Brazili walishirikiana kuanzisha Goma mafunzo ya kapoera kwa watoto waliotoka katika vikundi vyenye silaha. Tulitafakari hilo. Mtoto aliyefundishwa bunduki, walimponya kwa kumfundisha mchezo wa kupigana, wakijua wanachofanya. Ndani ya duara unarusha teke kwa nguvu zote, halafu unalipitisha sentimita chache mbele ya uso wa mwenzako, kwa sababu anakuamini. Mtoto wa vita anahitaji somo hilo kuliko wengine wote.

Kinshasa: mtu aliyekataa vita

Wazee wetu hadi leo wanasimulia usiku wa tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali na George Foreman uwanjani Kinshasa. Foreman alikuwa na miaka 25, alikuwa ameshinda mapambano 40 yote, 37 kwa kuangusha mtu. Ali alikuwa na miaka 32. Kwa nguvu za mkono peke yake Ali hakuwa na lake.

Lakini Ali alikuwa amejenga kitu kingine: pumzi, na tumbo la kupokea ngumi. Mazoezini aliwaacha wenzake wampige mwilini huku ameegemea kamba. Usiku ule akafanya vilevile. Foreman alipiga, akapiga, akachoka, na raundi ya 8 Ali akamwangusha. Kumbe nguvu ya mpiganaji ina sehemu mbili, ya kutoa na ya kuvumilia, na vijana wetu wanajenga ile ya kwanza tu kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye mkono.

Kitu kingine kuhusu Ali, na hiki ningependa wafanyakazi wa mashirika wakikumbuke. Mwaka 1967 aliitwa jeshini kwenda vita ya Vietnam, akakataa. Walimnyang'anya ubingwa, akakaa zaidi ya miaka mitatu bila kupigana ulingoni. Mmoja wa watu wenye mwili uliofundishwa vizuri kuliko wote duniani ndiye aliyesema hapana kwa bunduki.

Popole na Parfait

Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Vita ilimtenganisha na familia yake akiwa mtoto mdogo, akakaa msituni siku nyingi, halafu akafikishwa Kinshasa. Huko alijifunza judo katika kituo cha watoto waliokimbia makwao. Alipopanda ngazi, amesimulia mwenyewe, wachezaji walioshindwa walikuwa wakifungiwa na kunyimwa chakula cha kutosha. Mwaka 2013, wakati wa mashindano ya dunia Rio de Janeiro, yeye na mwenzake Yolande Mabika walitoroka na kuomba ukimbizi Brazili. Mwaka 2016 wote wawili waliingia katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, Rio palepale. Popole alishinda pambano lake la kwanza, akatolewa katika lile la pili na bingwa wa dunia kutoka Korea Kusini.

Hapo ndipo tunaona kipimo kikikosekana. Misuli haikui wakati wa zoezi. Zoezi linaichana kidogo, halafu chakula na usingizi ndivyo vinavyoishona iwe imara zaidi. Ukimnyima mtu chakula ili awe mkali, unamvunja tu. Popole alifika Olimpiki baada ya kuwa mkimbizi, mbali na adhabu ile.

Mfano wa pili uko hapahapa Rwanda. Parfait Hakizimana ni Mrundi. Alipigwa risasi akiwa mtoto, mkono wake wa kushoto ukaharibika. Mwaka 2015 alikimbilia Rwanda, akafika kambi ya Mahama, wilaya ya Kirehe. Akaanza kufundisha taekwondo mlemle kambini, watoto na wakubwa, wasichana na wavulana. Mwaka 2021 alikwenda Tokyo kushindana katika Paralimpiki na timu ya wakimbizi, akitokea kambini. Wengi wanaopita kituo cha Nkamira hapa Rubavu wanahamishiwa Mahama. Mtoto aliyeanza vibaya hapa anaweza kukuta kule mwalimu, lakini bega lililoharibika atakwenda nalo.

Sasa sisi

Machi 2021 Mpango wa Chakula Duniani ulipunguza msaada wa chakula kwa wakimbizi wa Rwanda kwa asilimia 60 kwa sababu pesa zilikosekana. Tangu wakati huo kila anayefundisha vijana anapaswa kuuliza kabla ya kuhesabu pompe: leo umekula nini? Aliyekula mara moja afundishwe kusimama vizuri, kupumua, kuanguka bila kuumia. Bidoni ingoje. Aliyekula maharage na bugali anaweza kubeba. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na katikati siku ya kupumzika. Lita 5 wiki za kwanza, halafu unaongeza kidogo kidogo, kama mchanga kwenye mtungi.

Kwa wadogo zangu: pompe mia mbili bila kula ni kujipiga mwenyewe, usiite nguvu. Ukiona mkubwa anakufanyisha mazoezi usiku, mbali na watu, na hataki mzazi wako ajue, huyo hakufundishi mchezo. Mwambie mama, ao baba, ao mtu wa ulinzi wa watoto.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: tupeni saa moja mchana, uwanjani, wazazi wakiangalia, na mwalimu anayejulikana jina. Mlango ukiwa wazi mtaona kila kitu: nani anafundisha, nini kinafundishwa, nani hajala. Brazili walijaribu kukataza, kapoera ikajificha kwa zaidi ya miaka arobaini. Bimba alipofungua shule, kila mtu aliweza kuingia na kutazama.