Jembe la Siku ya Tatu

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii, msomaji, ina hukumu mbili ndani yake. Ya kwanza ni kwamba mwenye shida hupokewa na kulishwa; ya pili ni kwamba mwenye nguvu hali bure milele. Walakini kuna jambo ambalo methali haikulitaja. Ni nani achaguaye jembe hilo? Na ikiwa mgeni hajui kulima, apewe muda gani wa kujifunza? Swali hili ni dogo kwa maneno, lakini limewashughulisha watawala wa Uingereza, na baadaye wa Marekani, kwa muda wa zaidi ya miaka 400.

Na tuanze Uingereza. Mwaka 1601, katika miaka ya mwisho ya enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, Bunge lilipitisha sheria ya kuwatunza maskini. Kila parokia iliwekewa wasimamizi, nao walitoza kodi kwa wenye mali. Wazee na wagonjwa walisaidiwa. Wenye nguvu walipewa kitani, sufu, nyuzi na chuma wavifanyie kazi. Watoto ambao wazazi wao hawakuweza kuwalea walikabidhiwa kwa mabwana ili wajifunze kazi: mvulana mpaka atimize miaka 24, msichana mpaka miaka 21 au aolewe. Wasimamizi hawakuweza kumtoa mtoto kwa amri yao peke yao; sharti mahakimu wawili wakubali.

Hapo twaiona idhini ya serikali juu ya mafunzo ya maskini. Nia yake ilikuwa njema, kwani jambo zito kama hilo halikuachwa mikononi mwa mtu mmoja. Upungufu wake nao ulikuwa dhahiri: mtoto mwenyewe hakuwa na neno katika shauri hilo, na mara nyingi parokia ilitafuta kupunguza gharama zake kuliko kumpa mtoto ufundi wa kumfaa. Mwaka 1834 sheria mpya ilizidisha ukali. Aombaye msaada alitakiwa aingie katika nyumba ya kazi, na hali ya humo ilikusudiwa kuwa duni kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliye nje, ili watu waogope kuomba.

Sasa tuvuke bahari twende Marekani. Mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria iliyoweka, pamoja na mambo mengine, msaada kwa watoto maskini waliokosa mzazi wa kuwalisha. Siku zile watu wengi waliona ni haki mama akae nyumbani alee watoto wake. Baadaye wanawake wengi wakaingia kazini, na fikira za watu zikageuka. Mwaka 1967 Bunge la Marekani lilianzisha mpango wa kuwaelekeza wapokeao msaada kwenye kazi na mafunzo. Mwaka 1988 Rais Ronald Reagan alitia sahihi sheria nyingine iliyolitaka kila jimbo liwe na mpango wa kazi na elimu kwa watu hao.

Tangu hapo ofisi za msaada zilipata wajibu mgumu: kuketi na mama mwenye watoto na kuamua kama masomo ayatakayo yatakubaliwa ama yatakataliwa. Mfikirie mama aliyebakiza mwaka mmoja apate cheti cha uuguzi. Akikubaliwa, saa zake za darasani huhesabiwa kuwa utumishi wake, na husaidiwa malezi ya watoto wakati awapo shuleni. Akikataliwa, hana budi kuacha masomo akatafute kazi yoyote, au aendelee kusoma na kuhatarisha posho inayowalisha wanawe.

Jimbo la California lilijaribu njia zote mbili. Mpango wake ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1985 ulichunguzwa katika kaunti 6. Watu waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakaingizwa katika mpango na wengine wakaachwa nje, ili tofauti ionekane. Kaunti ya Riverside ilihimiza kazi ya haraka, hata kama mshahara ni mdogo. Nyingine, mathalani Alameda na Los Angeles, zilitilia mkazo masomo kwanza. Taarifa ya mwaka 1994 ilionyesha kwamba katika miaka 3 mapato ya wazazi wasio na wenzi huko Riverside yalizidi kwa asilimia 49 yale ya wenzao walioachwa nje. Sifa za Riverside zikaenea nchi nzima.

Mwaka 1996 Rais Bill Clinton alitia sahihi sheria iliyoufuta ule msaada wa 1935 na kuweka mwingine wenye kikomo cha miezi 60. Mafunzo ya ufundi yaliruhusiwa kuhesabiwa kuwa kazi kwa muda usiozidi miezi 12 kwa kila mtu. Jembe la haraka lilikuwa limeshinda.

Lakini subiri, msomaji. Wachumi waliwafuata watu wa California kwa muda wa miaka 9, wakazifanya hesabu upya. Waliona kwamba ule ubora wa Riverside ulipungua kadiri miaka ilivyopita, hata ukatoweka, maana faida ya masomo huchelewa kuonekana. Kadhalika mji wa Portland, katika jimbo la Oregon, ulichanganya njia hizo mbili: watu walihimizwa kufanya kazi, lakini wakashauriwa kungojea kazi yenye mshahara wa kufaa, na wengine wakapewa mafunzo mafupi kwanza. Katika mipango 11 iliyolinganishwa kwa miaka 5, wa Portland ulifaulu kupita yote. Nalo jimbo la Maine, mwaka 1997, lilitunga sheria ya kuwasaidia wazazi maskini wasome chuoni miaka 2 au 4, kwa fedha za jimbo lenyewe.

Haifai kusema kwamba kila somo likubaliwe. Fedha ni za umma, na zipo shule zitoazo vyeti visivyofungua mlango wowote. Akatazaye shule ya namna hiyo humlinda mwanafunzi na mlipa kodi pamoja. Lakini kipimo ndicho chenye kuleta neema au hasara. Apimaye kwa mshahara wa mwezi wa kwanza atachagua jembe lililo karibu. Apimaye kwa miaka kumi atauliza ni jembe gani litakalodumu mkononi.

Nawe, kijana usomaye, huenda siku moja ukaketi upande ule wa meza ambako idhini hutiwa sahihi. Mtu atasimama mbele yako na fomu yake. Kabla hujaandika la, mwulize amebakiza muda gani, na watoto wake watakula nini akimaliza.