Sakinisha

Asili ya neno hili ni sakini, yaani kukaa mahali na kutulia, na ndugu yake ni maskani. Kwa hiyo asakinishaye programu, kwa hakika, huipa nyumba ya kukaa. Maana hii sikuitia maanani hata juzi, hapa Misikhu, nilipomwona fundi kijana akitaabika mbele ya seva yenye matoleo mawili ya lugha ya programu ya Python, la 2.7 na la 3: aliiita pip, ambayo ndiyo mnyapara wa kuleta na kupanga vifurushi, nayo ikaitika kwa adabu, ikapakua, ikasakinisha, ilhali programu iliyokihitaji kifurushi kile ikashikilia kuwa haikioni.

Kumbe kifurushi kimesakini, lakini kwa jirani. Kila toleo lina pip yake na ghala yake, na asiyetaja toleo ni kama abiria asimamaye kituoni Misikhu, akapanda matatu ya kwanza pasipo kuuliza kama yaenda Kitale au Webuye. Dawa ni kumtaja kwanza mwenye nyumba, python3 -m pip, ndipo amri ifuate. Toleo la 2 lilikoma kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020, lakini aghalabu halijahama katika seva kongwe.

Wasemao "kuinstoli" wanafahamika, wala siwalaumu. Ila neno lao halimkumbushi fundi swali lililo ndani ya sakinisha: mgeni huyu alale nyumba ipi?