Kutoka Uanikaji wa Juani hadi Kikaangio cha Hewa: Historia Fupi ya Krispi za Matunda

Krispi za matunda ni vipande vyembamba vya tunda vilivyoondolewa maji hadi vikakauka kau na kuvunjika kwa mlio vinapotafunwa. Ingawa siku hizi hutengenezwa majumbani kwa kikaangio cha hewa, yaani kifaa cha umeme kinachopuliza hewa ya moto juu ya chakula kilichowekwa ndani ya kikapu chenye matundu, asili yake ni ya kale kuliko umeme wenyewe. Historia hiyo ina mikondo miwili: mkondo wa kuanika, ambao shabaha yake ilikuwa kuhifadhi chakula kisioze, na mkondo wa kukaanga kwa mafuta, ambao shabaha yake ilikuwa ladha na mlio. Kikaangio cha hewa kilibuniwa kwa ajili ya mkondo wa pili, lakini kinapotiwa matunda hufanya kazi ya ule wa kwanza.

Msingi wa uanikaji ni maji. Ndizi mbivu ina maji yapatayo robo tatu ya uzito wake, ilhali embe, nanasi na tufaha hupita asilimia 80. Na kwa kuwa bakteria na ukungu haviwezi kustawi pasipo maji ya kutosha, tunda linalopoteza sehemu kubwa ya maji hayo hudumu kwa miezi mingi. Ili maji yatoke, mambo matatu yanahitajika kwa pamoja: joto la kuyageuza kuwa mvuke, hewa kavu ya kuupokea mvuke huo, na mwendo wa hewa wa kuuondoa ili hewa nyingine kavu ichukue nafasi yake. Mbinu zote za kuanika zinazoelezwa hapa, tangu jamvi hadi feni, ni njia tofauti za kuyatimiza mambo hayo matatu.

Katika ulimwengu wa Bahari ya Hindi, tunda kavu lililosafiri zaidi ni tende. Majahazi kutoka Oman na Ghuba yalizileta hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar kwa pepo za kaskazi, ambazo huvuma kati ya Novemba na Machi, kisha yakarejea kwa kusi yakiwa na boriti za mikoko na bidhaa nyingine za pwani. Waomani walikuwa pia na ufundi wa ziada: tende za aina ya mabsali huchumwa zingali za njano, huchemshwa katika masufuria makubwa, kisha huanikwa juani hadi ziwe ngumu, na kwa muda mrefu soko lake kuu lilikuwa India. Kazi hiyo ingali inafanywa katika eneo la Sharqiyah, jambo linaloonyesha kwamba ukaushaji wa matunda ulikuwa biashara kamili yenye msimu, soko na wataalamu wake.

Bara la Afrika Mashariki lilikuwa na elimu yake yenyewe ya kukata na kuanika. Wasukuma na Wanyamwezi hutengeneza michembe, ambayo ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, pamoja na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza kabla ya kukatwa na kukaushwa. Sehemu nyingi za Tanzania zina makopa, yaani muhogo uliomenywa na kukaushwa. Na Waganda huita mutere vipande vikavu vya muhogo, viazi au ndizi vilivyowekwa akiba kwa ajili ya wakati wa njaa. Waandaaji wa vyakula hivyo, ambao wengi wao walikuwa wanawake, walijua kwamba kipande chembamba hukauka kabla hakijachacha, na kwamba kipande kinachokaribia kulowa mvua hakina budi kuingizwa ndani mara moja.

Matunda mabivu yenye sukari nyingi, hata hivyo, ni magumu zaidi kuanika kuliko mizizi, hasa pwani, ambako hewa ina unyevunyevu karibu mwaka mzima. Huko maarifa ya kuhifadhi yalielekea zaidi kwenye chumvi na siki. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza kwamba wali uliandaliwa pamoja na ndimu zilizohifadhiwa na maembe yaliyotiwa siki, na achari inayoliwa hadi leo katika miji ya Waswahili ni sehemu ya desturi hiyo ndefu.

Mkondo wa kukaanga una chimbuko jingine. Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, ndizi za aina ya nendran hukatwa nyembamba na kukaangwa kwa mafuta ya nazi, na krispi hizo ni sehemu ya karamu ya sikukuu ya Onam. Nchini Uingereza, kitabu cha mapishi cha William Kitchiner cha mwaka 1817 kilieleza namna ya kukaanga vipande vyembamba vya viazi, na katika mji wa Mombasa kachri za muhogo zinazonyunyiziwa pilipili na ndimu ni chakula cha mtaani kinachojulikana na kila mtu. Katika kukaanga, maji hutoka kwa kasi na mafuta huingia katika nafasi yake, ndiyo maana krispi za kawaida za viazi huwa na mafuta yanayokaribia theluthi moja ya uzito wake.

Mashine za hewa ya moto zilizaliwa kutokana na mahitaji ya majeshi na safari. Katikati ya karne ya 19, kampuni ya Chollet ya Ufaransa, ikitumia mbinu ya mbunifu Masson, ilikausha na kushindilia mboga zilizotumiwa na wanajeshi katika Vita vya Crimea. Mwaka 1945 Mmarekani William Maxson alitengeneza jiko dogo lenye feni kwa ajili ya kupasha chakula kilichogandishwa ndani ya ndege, na mwaka 2010 kampuni ya Philips ilizindua mjini Berlin kikaangio cha hewa kilichotokana na ubunifu wa Mholanzi Fred van der Weij, aliyekusudia kupata chipsi za viazi zenye mafuta machache. Wakati huohuo jua halikuachwa: tangu miaka ya 1990, kampuni ya Fruits of the Nile iliyoko Njeru, Uganda, imekuwa ikikusanya ndizi na mananasi yaliyokaushwa na wakulima kwa vikaushio vya jua, ambavyo ni makasha yaliyofunikwa ili joto liongezeke na vumbi na nzi wasiingie, na kuyauza Uingereza.

Historia hii ndiyo inayoeleza namna sahihi ya kukitumia kifaa hicho nyumbani. Anayekichukulia kuwa kikaangio na kukiwasha kwa nyuzi 180 huunguza sukari ya tunda huku katikati ya kipande kukiwa bado na maji. Anayekichukulia kuwa kianikio hukata tufaha au ndizi kwa unene wa milimita mbili au tatu, huzipaka maji ya ndimu zisigeuke rangi, huzipanga bila kupandana, na kuziacha kwa saa kadhaa katika joto la chini, la nyuzi 60 hadi 80 za Selsiasi, akizigeuza mara kwa mara. Vipande hutoka vikiwa laini kidogo na hukakamaa vinapopoa, kwa sababu sukari iliyopoteza maji hugeuka ngumu mfano wa kioo, na visipofungiwa mara moja katika chombo kisichopitisha hewa hunyonya unyevu na kulegea.

Kikaangio cha hewa kina kikapu kidogo na kinahitaji umeme, hivyo hakiwezi kuokoa maembe yanayoozea chini ya miembe kila msimu. Kazi hiyo itaendelea kuhitaji jua, makasha ya kukaushia na maarifa ya waanikaji. Kwa hiyo inafaa vyuo vya kilimo na vya mapishi vifundishe michembe, matobolwa na mutere bega kwa bega na mashine mpya, kwa kuwa elimu yake ni moja na waanikaji hao ndio waliotangulia kuwa nayo.