Jeni za kucheua

Jeni za kucheua humwezesha ng'ombe, mbuzi au kondoo kuishi kwa majani makavu. Kando ya Ghuba ya Winam kazi yake huonekana baada ya mavuno ya mpunga Ahero: zebu mdogo hulala kivulini akicheua mabua ambayo tumbo la binadamu lisingeyaweza.

Ng'ombe mwenyewe hana jeni ya kuvunja selulosi ya mabua hayo. Kazi hiyo ni ya vijidudu wa tumbo la kwanza, rumeni, ambao hutoa asetati, butirati na propionati. Hii ya mwisho hugeuzwa glukosi na ini. Methani inayotokea humo rumenini hutoka kwa kubeua.

Kisha vijidudu hao wenyewe huliwa, na hapo ndipo penye ufundi hasa. Jeni ya lisozimi, ambayo kwa wanyama wengi ni kinga tu ya machozi na mate, kwa ng'ombe imejirudufu hadi nakala zipatazo 10. Baadhi hutumika katika tumbo la nne, penye asidi kali, kupasua bakteria ili protini yao imeng'enywe. Ribonukleasi ya kongosho huvunja RNA yao. Jeni kama hizi sasa zaweza kulinganishwa kati ya spishi: mwaka 2019 zilichapishwa jenomu za spishi 44 za wacheuaji.