Kilo zikikataa kushuka: kwa nini mwili unasimama, na namna ya kuendelea bila kujiumiza

Runingu na vijiji vingine vya bonde la Ruzizi, na vilevile Uvira mjini, watu wengi wanaanza kupunguza uzito juu ya sababu moja: munganga amewaambia tansio iko juu, ao sukari imeanza kupanda katika damu. Wanaacha soda, wanapunguza bugali ya usiku, wanaanza kutembea asubuhi. Miezi ya kwanza kilo zinashuka vizuri. Kisha, mara nyingi karibu na mwezi wa sita, balansi inasimama fasi moja. Wiki tatu, wiki sita, kilo ni zile zile.

Ni hapo wengi wanapotea njia. Mmoja anavunjika moyo na kurudilia chakula cha zamani, kilo zote zinarudi pamoja na tansio yake. Mwingine anaanza kushinda na njaa mpaka anaanguka shambani. Mwingine ananunua vidonge sokoni. Lakini kusimama kwa kilo hakumaanishe mtu ameshindwa, wala hakuna mtu amemfanyia kitu. Mwili wake umefanya kazi yake ya kawaida.

Kwanza, je, kilo zimesimama kweli?

Kilo za mtu zinapanda na kushuka kila siku juu ya maji, chumvi, chakula kilicho tumboni na choo. Mwanamke anaweza kuongeza kilo moja ao mbili za maji siku zinazotangulia hedhi, kisha zinaondoka zenyewe. Kwa hiyo kupima leo kwenye kituo cha afya na kesho kwenye balansi ya muuza unga hakusaidie kitu.

Njia nzuri ni hii: balansi moja, siku moja ya wiki, asubuhi baada ya kukojoa na mbele ya kula, na nguo nyepesi. Mtu aandike hesabu kwenye daftari. Wiki nne zikipita bila mabadiliko, hapo anaweza kusema kilo zimesimama.

Utepe wa fundi cherehani pia unasaidia. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linaonyesha kwamba hatari ya magonjwa inaanza kuongezeka kiuno kikipita santimeta 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanaume. Ikiwa kiuno kinapunguka na kilo hazishuke, mafuta yanaweza kuwa yanaondoka wakati misuli inaongezeka. Huyo mtu anaendelea vizuri, hata kama balansi imenyamaza.

Kwa nini mwili unasimama

Tuchukue mfano wa mama aliyekuwa na kilo 92 na sasa ana kilo 84. Kilo 8 alizopoteza ni karibu bidoni ya litre 10 ambayo haijajaa. Mbele alikuwa anaibeba usiku na mchana, akipanda mlima, akienda mtoni, hata akilala. Sasa ameitua chini. Mwili mdogo unatumia nguvu kidogo kuliko mwili mkubwa: njia ile ile ya kwenda sokoni inamuomba kalori chache kuliko mwaka jana.

Tena kuna jambo lingine. Mwili haujue kama mtu anafuata shauri la munganga. Unaona tu akiba inapunguka, kama wakati wa njaa. Unaanza kubana matumizi. Hamu ya kula inaongezeka, na mtu anakaa chini mara nyingi bila kujua.

Kwa hiyo sahani iliyomshusha toka kilo 92 mpaka 84 imekuwa sasa sahani ya kumweka kwenye 84. Hesabu za kuingia na za kutoka zimekuwa sawa.

Kujilaza njaa ili kuvunja hali hiyo kunaleta hasara. Mwaka 2016, wachunguzi wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 14 waliokuwa wamepunguza kilo nyingi haraka sana katika mashindano ya televisheni. Miaka sita baadaye, wengi walikuwa wamerudilia sehemu kubwa ya kilo hizo, na mwili wao, wakiwa wamepumzika, ulikuwa bado unatumia karibu kalori 500 kwa siku chini ya kiasi kilichotazamiwa kwa mtu wa uzito wao.

"Lakini mimi ninalima kila siku"

Hilo ni neno la wamama wengi wa bondeni, na wanasema kweli. Mtu anayelima muhogo na kubeba mzigo kichwani anatumika kuliko mtu wa ofisi. Namna gani basi anaweza kunenepa, ao kusimama fasi moja?

Jibu moja linatoka Tanzania, karibu na ziwa Eyasi, kwa Wahadza wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Wachunguzi wakiongozwa na Mmarekani Herman Pontzer walipima nguvu ambayo miili yao inatumia, na wakatoa matokeo mwaka 2012. Wanaume walikuwa wanatembea karibu kilometa 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Hata hivyo, ukilinganisha watu wa ukubwa mmoja, jumla ya kalori walizotumia kwa siku haikupita ile ya watu wa Marekani na Ulaya. Pontzer anaeleza kwamba mwili uliozoea kazi nyingi unapunguza matumizi yake fasi zingine.

Hii haimaanishe kazi ya mwili ni bure. Inalinda moyo, inashusha tansio, inasaidia sukari kutumika vizuri, na inazuia kilo zilizoondoka zisirudi. Lakini jembe peke yake haliwezi kushinda sahani. Mtu ambaye kilo zake zimesimama anapashwa kuanzia jikoni.

Kuhesabu sahani upya

Mara nyingi bugali si mkosaji wa kwanza. Ni vitu vidogo vinavyorudi polepole bila mtu kuona.

Mafuta: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta, yawe ya mawese ao mengine, kina karibu kalori 120. Vijiko vitatu vya zaidi katika sombe vinapita gramu 100 za unga wa muhogo. Nyumbani, afazali kupima mafuta kwa kijiko, si kumimina kutoka kwenye chupa.

Sukari: vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu vidogo vya sukari, vinaleta karibu kalori 180. Soda ya santilita 30 ina karibu gramu 30 za sukari, ni kama vijiko sita. Nusu litre ya biere inaleta karibu kalori 200, na haishibishe.

Kuonja na kumalizia: mama anayepika anaonja, kisha anamaliza mabaki ya watoto ili yasitupwe. Na pale jamaa wanakula kwenye sinia moja, hakuna anayejua kiasi alichokula. Kujipakulia kwenye sahani yake kunatosha kufungua macho.

Sahani inaweza kupangwa hivi: nusu yake mboga, kama lengalenga, matembele ao sombe yenye mafuta kidogo, robo bugali ao wali, robo maharagi, ndakala, samaki ao mayai. Hiyo robo ya mwisho ina kazi kubwa. Unga wa muhogo hauna protini za kutosha, na mtu anayepunguza chakula bila protini anapoteza misuli pamoja na mafuta. Ndakala zilizokauka, hata kidogo, zinaleta protini nyingi. Maharagi nayo yanashibisha muda mrefu kwa bei ndogo. Lakini ndakala zenye chumvi nyingi zioshwe na kuloweshwa, zaidi kwa mwenye tansio: OMS inaomba mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kama kijiko kimoja kidogo.

Kupunguza kalori 200 ao 300 kwa siku kunatosha kuanza. Kisha mtu angoje wiki nne mbele ya kubadilisha kitu kingine.

Kubadilisha mazoezi

OMS inaomba watu wazima dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kadiri, ule ambao mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Inaomba pia mazoezi ya nguvu za misuli siku mbili ao zaidi kwa wiki. Haya ya pili ndiyo watu wengi wanasahau, na ndiyo yanayolinda misuli wakati kilo zinashuka.

Hayaombe sale ya michezo. Kuketi kwenye kiti na kusimama bila kushika kitu, mara 10, kisha kupumzika na kurudilia mara tatu. Kusukuma ukuta kwa mikono. Kuinua bidoni mbili za litre 5 zenye maji. Mtu aongeze kidogo kila wiki mbili.

Juu ya joto la bondeni, asubuhi ao jioni ni saa nzuri. Fasi usalama haueleweke, afazali kutembea wengi pamoja, mchana, ao kufanyia mazoezi ndani ya lupango. Na usingizi usisahauliwe: mtu anayelala saa chache anasikia njaa zaidi kesho yake.

Vidonge na dawa za sokoni

Dawa za kuharisha na chai za "kusafisha tumbo" zinaondoa maji na choo, haziondoe mafuta. Kilo zinarudi mtu akinywa maji, lakini figo na moyo vinaweza kuwa vimeumia.

Kuna pia wale ambao zamani walikunywa dexamethasone ili wanenepe. Dawa hiyo inaongeza mafuta usoni na tumboni, inapandisha sukari na tansio. Aliyeitumia muda mrefu asiiache kwa mara moja, maana mwili unaweza kuishiwa nguvu kwa hatari. Aende kituo cha afya, aseme kweli, munganga atamsaidia kuiacha polepole.

Wakati wa kumwona munganga

Mwenye kutumia insulini ao glibenclamide asipunguze chakula bila kuongea na munganga, maana sukari inaweza kushuka sana: jasho, kutetemeka, hata kuzimia. Mwanamke mwenye mimba ao anayenyonyesha asijiwekee mpango wa kupunguza kilo peke yake. Mtu ambaye miguu inavimba ao pumzi inakatika apimwe haraka. Na yule anayekonda bila kutafuta, akiwa na kikohozi cha wiki mbili, homa ao jasho la usiku, apimwe kifua kikuu.

Kilo ngapi zinatosha?

Mwaka 2002, uchunguzi mkubwa wa Marekani juu ya watu zaidi ya 3 000 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari ulionyesha hivi: kundi lililoombwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mwendo dakika 150 kwa wiki lilipata hatari pungufu kwa asilimia 58. Kwa mama wa kilo 92, asilimia 7 ni kilo 6 na nusu hivi. Yeye aliyesimama kwenye 84 amekwisha kupita hapo.

Hilo ni la kukumbuka pale majirani wanapoanza kuuliza kwa sauti ya chini kama ni SIDA, ao wanaposema nyumbani kwake kumekuwa na njaa. Bondeni, unene bado unahesabiwa kama amani na mali, na kuna watu wameacha mpango wao juu ya maneno hayo tu. Jibu liko kwenye karatasi ya kituo cha afya: tansio ilikuwa ngapi, leo ni ngapi, sukari ilikuwa ngapi, leo ni ngapi. Hizo hesabu zikishuka na kubaki chini, hata kushikilia kilo 84 mwaka mzima ni kazi nzuri, na mtu anaweza kuijaribu hatua nyingine akiwa tayari.