Shahidi wa Chuma: Kupima Thamani ya Motokaa ya Kale

Kama unakaa Gatwekera, msomaji, au kama una jamaa huko, wajua kwamba mwendo usio mrefu hukutoa katika vichochoro vya Kibera ukafika Barabara ya Ngong. Kandokando ya barabara hiyo magari yaliyokwisha kutumiwa yamepangwa safu kwa safu, yameoshwa yakang'aa, na wauzaji wamesimama karibu nayo wakingoja wateja. Mengi ni ya Kijapani, nayo hayatatushughulisha leo. Lakini ukiendelea na barabara utakuta uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na huko hufanyika mashindano ya magari ya kale yaitwayo Africa Concours d'Elegance. Siku hiyo waamuzi waliovaa vizuri huinama, wakachungulia chini ya magari, wakafunua boneti na kukagua viti, kama kwamba wanatafuta mwizi aliyejificha.

Wanachokitafuta ni ukweli. Mtu apimaye motokaa ya kale hufanya kazi ile ile ya mwanahistoria: mbele yake yupo shahidi wa chuma, naye hana budi kujua kama shahidi huyo asema kweli au amefundishwa maneno. Akikosea, yeye hupoteza fedha, na historia hupotoshwa. Nitachukua mfano wa magari ya Kijerumani ya mbio, maana hayo yana habari ndefu katika nchi zetu.

Mwaka wa 1953 zilianzishwa mbio za Coronation Safari, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi, mawe na tope. Huenda ukadhani kwamba magari makubwa ndiyo yaliyofaulu. Sivyo. Volkswagen, kigari kidogo chenye mgongo kama wa kobe, kilishinda mwaka wa 1954, kikashinda tena mwaka wa 1957 na 1962. Siri yake haikuwa mwendo wa kasi. Injini yake ilikaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, na uzito wake uliyakandamiza magurudumu hayo yakashika tope. Tena injini hiyo ilipozwa kwa upepo, basi hapakuwa na maji ya kuchemka wala rejeta ya kutobolewa na jiwe. Mercedes nayo ilishinda miaka mitatu mfululizo: mwaka wa 1959 na 1960 ikiendeshwa na Bill Fritschy, na mwaka wa 1961 ikiendeshwa na John Manussis.

Katika ukoo wa kobe yule ndimo lilimotoka gari maarufu la Porsche. Mzee Ferdinand Porsche ndiye aliyebuni Volkswagen katika miaka ya 1930. Mwanawe, Ferry, alianza mwaka wa 1948 kutengeneza gari la michezo aina ya 356, akitumia vyuma vingi vya Volkswagen. Mwaka wa 1963 gari jipya lilionyeshwa mjini Frankfurt kwa jina la 901. Peugeot ya Ufaransa ikateta kwamba majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni haki yake, na hivyo sifuri ikageuzwa kuwa moja. Hilo ndilo 911: injini nyuma, inapozwa kwa upepo, ina silinda sita na, katika gari la kwanza, nguvu za farasi 130.

Je, 911 lilishinda Safari kama babu yake? Hapa ndipo wauzaji wengi hupenda kunyamaza. Mwaka wa 1972 Sobiesław Zasada alikuwa wa pili. Mwaka wa 1974 Björn Waldegård alikuwa wa pili, nyuma ya Joginder Singh wa Kenya aliyeendesha Mitsubishi. Mwaka wa 1978 Vic Preston Mdogo alikuwa wa pili, nyuma ya Peugeot. Mara tatu wa pili, na katika zama hizo halikupata ushindi hata mara moja. Ushindi ulikuja baadaye, katika mbio za magari ya kale ziitwazo East African Safari Classic, zilizoanza mwaka wa 2003. Waldegård huyo huyo, akiwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 60, alizishinda mwaka wa 2011 katika 911, na mwanawe ameketi kando yake akimsomea njia.

Basi mtu akikuambia, "Gari hili ni 911 lililoshinda Safari mwaka wa 1974," hakuna haja hata ya kuinua boneti. Mwache aendelee na safari yake.

Lakini si kila mwongo ni mjinga kiasi hicho. Tuseme muuzaji asema tu kwamba gari lake ni Carrera RS la mwaka wa 1973. Aina hiyo yalitengenezwa magari kama 1,580, mepesi, na nyuma yana kibati kilichoinuka kama mkia wa bata. Katika miaka ile ile yalitoka magari mengi ya 911 ya kawaida yenye umbo hilo hilo. Fundi hodari aweza kulichukua la kawaida, akalibandika mkia wa bata, akalipaka rangi nyeupe na maandishi ya buluu ubavuni, na bei ikapanda mara nyingi. Jicho peke yake halitakusaidia. Soma nambari iliyopigwa katika bati la bodi, kisha soma nambari ya injini, halafu uzilinganishe na kumbukumbu zinazohifadhiwa na kiwanda chenyewe, zinazoeleza gari lilitoka na injini ipi na rangi gani. Tazama pia kama tarakimu zimepangika sawasawa, au kama bati limekwaruzwa na kupigwa upya. Mwanahistoria huikagua barua ya kale vivyo hivyo kabla ya kuyaamini maneno yake.

Baada ya nambari, tafuta kutu. Hadi katikati ya miaka ya 1970 mabati ya 911 hayakukingwa yote kwa zinki, na kutu hula kwa siri, chini ya milango na mahali betri inapokaa. Gari lililokaa Mombasa katika hewa ya chumvi si sawa na lililokaa Nairobi. Mafundi wana hila moja ya zamani: hufunga sumaku katika kitambaa laini, wakaipitisha juu ya bodi. Panapo chuma, sumaku hushika. Palipozibwa shimo kwa rojo na kupakwa rangi, huteleza. Walakini hila hiyo inahitaji elimu. Ukiipeleka sumaku kwenye Mercedes 300 SL, lile ambalo milango yake hufunguka juu kama mabawa ya shakwe, haitashika mlangoni wala kwenye boneti. Usimwite muuzaji mwongo! Sehemu hizo zilitengenezwa kwa alumini tangu kiwandani. Magari hayo yenye mabawa yalikuwa 1,400 tu, kati ya mwaka wa 1954 na 1957.

Sasa nafika mahali ambapo hata wajuzi hawapatani. Gari lililokimbia Safari kwa kweli lina makovu: mbonyeo wa jiwe chini ya sakafu, tundu la taa ya ziada, chuma kilichoungwa usiku na fundi mwenye haraka. Mwenye kuliuza hutaka kuyafuta yote, maana wanunuzi wengi hupenda kung'aa. Mimi nasema hapana. Kovu lile ni maandishi, na mtu aliyelifuta ameuchana ukurasa. Rangi hupakwa tena wakati wowote. Mbonyeo wa mwaka wa 1974 haupatikani tena. Najua kwamba mimi sina gari la kuuza, na kwa hiyo ni rahisi kwangu kusema.

Bei za magari haya zaweza kupita mipaka ya akili. Mwezi wa Mei mwaka wa 2022 Mercedes moja aina ya 300 SLR ya mwaka wa 1955 iliuzwa Stuttgart kwa euro milioni 135. Zilitengenezwa mbili tu za bodi ile. Fedha zake zilitengwa kwa misaada ya masomo ya vijana. Kinyume chake, Volvo iliyomshindia Joginder Singh na nduguye Jaswant mbio za mwaka wa 1965 ilikuwa gari kuukuu, lililokwisha tumika kabla halijafika mikononi mwao. Joginder alijua alichokinunua.

Huenda waniuliza, mwanafunzi wa Gatwekera, jambo hili lakuhusu nini, nawe huwezi kununua hata taa ya nyuma ya 911. Lakuhusu kwa sababu ushahidi mwingine haumo Stuttgart, umo Nairobi. Magazeti ya zamani yaliandika habari za Safari kila mwaka: nani alianza, kwa nambari gani, katika gari gani, na nani aliishia njiani. Kazi hiyo haihitaji fedha ya kununulia gari. Ukisikia kwamba Porsche fulani iuzwayo Barabara ya Ngong ilikimbia Safari mwaka wa 1978, andika nambari iliyochorwa mlangoni, ingia mjini hadi Maktaba ya McMillan katika Barabara ya Banda, au Hifadhi ya Nyaraka za Taifa katika Barabara ya Moi, ukaombe magazeti ya majuma ya Pasaka ya mwaka huo. Beba penseli.