Medali ya Nani?

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa historia, alinishikilia jioni nzima kwamba habari za Lee Lai-shan ni habari za bendera. Nilimkatalia palepale. Bendera imo, sikatai, lakini ukianza na bendera utamsahau mjomba.

Hebu basi tuanzie Cheung Chau, kisiwa cha wavuvi huko Hong Kong, hakifiki hata kilometa za mraba 3. Lee, ambaye watu wa kwao humwita San San, alizaliwa mwaka 1970. Mjomba wake, Lai Gun, alikuwa na kituo cha mbao za tanga ufukweni, na binti alipofika miaka 12 akaanza kujifunza kwake.

Msomaji ambaye hajauona mchezo huu asidhani ni kama ngalawa. Ubao hauna usukani. Unasimama juu yake, tanga umelishika kwa mikono miwili. Ukiulaza mlingoti mbele, ubao unageukia upepo unakokwenda, ukiulaza nyuma unapanda joshi. Upepo ukififia ndipo kazi inapoanza! Unalivuta tanga, unaliachia, unalivuta tena, kama mtu anayejipepea kwa pepeo kubwa kuliko yeye mwenyewe, mpaka mikono iwake moto. Na katika Olimpiki ya 1996 wote walitumia ubao wa aina moja, Mistral, wenye urefu wa sentimeta 372. Hapakuwa na kusingizia chombo.

Barcelona, mwaka 1992, San San alikuwa wa 11. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia. Halafu Savannah, Marekani, Julai 1996: dhahabu. Nyuma yake alikuwapo Barbara Kendall wa New Zealand, aliyekuwa ameshinda Barcelona, akifuatiwa na Alessandra Sensini wa Italia. Hong Kong ilikuwa ikipeleka wanamichezo Olimpiki tangu 1952, na haikuwa imewahi kupata medali yoyote. Miaka 44, bwana! Ndiyo maana aliwaambia waandishi wa habari kuwa wanamichezo wa Hong Kong si takataka.

Sasa bendera. Iliyopanda ilikuwa ya koloni, ile yenye alama ya Uingereza pembeni, na wimbo uliopigwa ni wa malkia. Babu yangu alilazimishwa kuusimamia wimbo huohuo shuleni, kwa hiyo najua mwalimu anachokisema. Tarehe 1 Julai 1997 Hong Kong ikarudishwa China. Medali ile ikawa ya kwanza na ya mwisho chini ya bendera ile.

Lakini San San hakuondoka na Waingereza. Mwaka 1998 alishinda dhahabu ya michezo ya Asia kule Bangkok, bendera ikiwa nyingine na wimbo mwingine, mikono ni ileile. Sydney, mwaka 2000, akawa wa 6. Athens, 2004, aliingia mbio ya mwisho medali ikiwa karibu kabisa, akatoka wa 4.

Hapo nikamwuliza mwalimu: mtu wa 4 hupandishiwa bendera gani? Akacheka, akaagiza kahawa nyingine.